Redio ya CD Ikigoma, Tusikimbilie Bisibisi

Somo letu la leo ni juu ya redio ya gari yenye CD. Huenda mmoja wenu atasema, "Mimi gari sina. Somo hili linanihusu nini?" Linakuhusu, ndugu. Katika vijiji vyetu redio ya gari haikai garini peke yake. Gari likichakaa, redio yake hung'olewa na kuuzwa. Mwenye kuinunua huiweka katika sanduku la mbao. Huiunganisha na betri inayochajiwa kwa sola. Hutundika spika mbili ukutani, na nyumba nzima inasikia. Umeme wa gari dogo ni wa volti 12, na betri ya sola ya nyumbani mara nyingi ni ya volti 12 pia. Kwa hiyo redio hiyo haijui kama iko ndani ya Noah au ndani ya nyumba ya tembe.

Redio ni mwalimu. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni 2 nchini Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Hata leo redio hutuletea utabiri wa mvua, habari za afya na habari za mazao. Tena upande wa CD una hazina nyingine. Wengine wetu tuna CD za kwaya ya kijiji, CD za harusi, na CD zenye sauti za wazee ambao sasa wamelala kaburini. CD ya namna hiyo ikiharibika, hakuna duka la kwenda kuinunua.

Sasa, mkoa wetu wa Singida una upepo na vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, barabara za vijijini ni unga mtupu, na upepo unapita. Vumbi hilo linaingia katika kila tundu. Siku moja unaingiza CD, redio inanguruma kidogo, halafu inaitema. Au wimbo unaruka ruka kama mbuzi. Wengi wetu hapo hukimbilia bisibisi. Wengine hukimbilia kisu. Lakini wapi! Redio iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa inakuwa na magonjwa matatu.

Leo tutajifunza kuiuliza redio maswali kwanza, kama mganga wa zahanati anavyomuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

CD INAFANYAJE KAZI?

CD zilianza kuuzwa mwaka 1982 huko Japani. Zilitokana na kazi ya kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. CD ni sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ndani yake kuna utando mwembamba unaong'aa. Katika utando huo kuna alama ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Alama hizo zimepangwa katika njia moja inayozunguka kama kamba iliyokunjwa. Njia hiyo ingenyooshwa, ingezidi kilomita 5!

Santuri ya zamani ilisomwa na sindano, nayo ilianza nje kwenda ndani. CD husomwa na mwanga, nayo huanza ndani kwenda nje. Mwanga huo unaitwa leza. Unatoka chini, unapita katika kioo kidogo kiitwacho lenzi, unagonga CD, halafu unarudi. Redio inausoma mwanga unaorudi na kuugeuza kuwa sauti.

Hapa tunapata mambo matatu ya kukumbuka:

1. Lenzi ikiwa na vumbi, mwanga haupiti vizuri. Redio inakuwa kama mtu mwenye mtoto wa jicho.

2. CD ikiwa na uchafu au mkwaruzo chini, mwanga unapotea njia. Wimbo unaruka au unarudia rudia.

3. Kwa kuwa CD husomwa kuanzia ndani, mkwaruzo ulio karibu na tundu la katikati ni mbaya sana. Hapo ndipo ilipo orodha ya nyimbo zote. Redio ikishindwa kuisoma orodha, inaikataa CD nzima.

TUSOME MANENO YA KWENYE REDIO

Sisi tumejifunza kusoma, basi tusiogope maneno ya kigeni yaliyoandikwa kwenye redio. Ni machache. Tuyasome pamoja.

EJECT. Tunatamka "ijekti". Maana yake ni kitufe cha kutoa CD. Redio nyingine haina neno hili, ina alama ya pembetatu yenye mstari chini yake.

LOAD. Tunatamka "lodi". Maana yake redio inapokea CD. Ngoja, usiisukume kwa nguvu.

NO DISC. Tunatamka "no diski". Maana yake hakuna CD ndani. Ikiwa CD imo na bado unaona maneno haya, redio haiioni.

ERROR, au kwa kifupi ERR. Tunatamka "era". Maana yake kuna kosa. Mara nyingi hufuatwa na namba. Kila kampuni ina maana zake za namba, kwa hiyo iandike namba hiyo kwenye karatasi. Fundi ataihitaji.

HOT au HEAT. Tunatamka "hoti" na "hiti". Maana yake redio imepata joto kupita kiasi. Izime, iache ipoe.

ACC. Hizi ni herufi tatu za waya unaoiambia redio kwamba swichi imewashwa.

Ukiweza kusoma maneno haya, tayari umempita mtu anayeipiga redio makofi ili ifanye kazi.

MASWALI MATANO KABLA YA BISIBISI

Kanuni ni moja: tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na redio ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya.

Swali la 1: Je, redio inawaka?

Kama haiwaki kabisa, ugonjwa si wa CD. Ni wa umeme. Angalia betri. Angalia vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota unga mweupe au wa kijani. Kisha angalia fyuzi. Redio nyingi za gari zina fyuzi ndogo nyuma yake. Izime redio, tenganisha betri, halafu chomoa fyuzi uitazame kwenye mwanga. Kijiwaya cha ndani kikiwa kimekatika, fyuzi imeungua.

Kama redio inawaka lakini inazimika ukiongeza sauti, au ukiingiza CD, betri huenda imechoka au waya umelegea. Kuzungusha CD kunahitaji nguvu. Mtu mwenye njaa anaweza kuzungumza akiwa amekaa, lakini mwambie abebe gunia la alizeti uone.

Swali la 2: Je, stesheni za redio zinasikika?

Kama stesheni zinasikika vizuri na CD haisikiki, basi spika ni nzima na betri ina nguvu. Ugonjwa uko upande wa CD. Kama hata stesheni hazisikiki lakini taa zinawaka, angalia waya za spika kabla ya kuilaumu CD.

Swali la 3: Je, CD nyingine inapiga?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na halina gharama. Azima kwa jirani CD nzima ya dukani, safi, isiyo na mikwaruzo. Kama ya jirani inapiga na yako haipigi, mgonjwa ni CD yako, si redio. Kama zote hazipigi, mgonjwa ni redio.

Tahadhari moja hapa. CD zilizorekodiwa kwenye kompyuta ni za aina mbalimbali. Redio nyingi za zamani haziwezi kusoma nyimbo za aina ya MP3. Nyingine hazisomi CD za kufuta na kurekodi tena. Redio ya namna hiyo si mbovu. Imepewa barua ya lugha isiyoijua.

Swali la 4: Je, CD imeingizwa sawasawa, na redio imelala sawasawa?

Upande wenye maandishi huwa juu. Wanaofunga redio ya gari ndani ya sanduku wakumbuke pia kuilaza kama ilivyokuwa garini. Ikisimamishwa wima, CD inaweza kuruka au kukwama.

Swali la 5: Je, kuna baridi, unyevu au joto kali?

Singida iko juu. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Redio baridi ikiingizwa penye joto na mvuke, lenzi hupata ukungu kama kioo cha dirisha. Usifanye lolote. Iache saa moja, ukungu utakauka wenyewe. Na gari lililoanikwa juani mchana kutwa, redio yake hupata joto kali. Fungua milango ya gari, ngoja ipoe.

Basi, ukimaliza maswali haya matano, utakuwa umejua ugonjwa uko wapi. Tuanze matibabu.

KUSAFISHA CD

Vifaa: maji safi, sabuni kidogo ya maji, na kitambaa laini kisicho na mchanga.

Ishike CD kwa kingo zake, usiweke vidole katikati ya upande unaong'aa. Kama ina mchanga, imwagie maji kwanza. Ukiifuta kavu, mchanga huo utaikwaruza. Paka maji ya sabuni kwa ncha ya kidole, suuza, kisha kausha kwa kitambaa.

Futa kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, kama miale ya jua. Usifute kwa kuzungusha. Kwa nini? Kwa sababu alama za CD zimepangwa kwa mduara. Mkwaruzo unaokatiza njia ni kama mfereji mdogo unaokatiza barabara: baiskeli inauruka na kuendelea. Lakini mkwaruzo unaofuata njia ni kama barabara iliyobomoka kwa urefu wake: hapana pa kupita.

Wengi hudhani upande wa maandishi ni mgumu. Sivyo. Utando wenye alama uko karibu sana na upande wa maandishi. Chini unalindwa na plastiki nene, lakini juu hulindwa na rangi nyembamba tu. Kwa hiyo tusiandike juu ya CD kwa kalamu ya ncha kali, wala kuilaza juu ya meza yenye mchanga kwa upande wowote. Na tusibandike karatasi yenye gundi. Katika joto la redio karatasi hiyo hubanduka, CD ikakwama ndani.

Wengine hupaka dawa ya meno ili kuondoa mkwaruzo. Mkwaruzo mwepesi wa upande wa chini waweza kupungua. Lakini dawa hiyo yaweza pia kuongeza mikwaruzo mipya. Kwa CD ya sauti ya babu, usijaribu.

KUSAFISHA LENZI

Anza na njia nyepesi. Madukani mjini kuna CD ya kusafishia. Ina brashi ndogo upande wa chini. Unaiingiza kama CD nyingine, inazunguka sekunde chache, brashi inapangusa lenzi. Hakikisha imeandikwa kwamba inafaa kwa redio za gari zenye mdomo wa kumezea CD. Kwa vumbi jepesi, mara nyingi inatosha.

Isipotosha, kazi inayofuata ni ya kufungua. Hapa tuseme wazi: kama hujawahi kufungua redio, na redio yenyewe unaitegemea, ipeleke kwa fundi. Kama una fundi kijana katika familia, mkae naye, mfuate hatua hizi:

1. Zima redio. Tenganisha betri kwanza, upande wa hasi. Ngoja dakika chache.

2. Tafuta meza safi isiyo na upepo. Kazi hii usiifanye nje wakati wa vumbi. Tandika kitambaa cheupe ili skrubu ndogo zionekane.

3. Fungua skrubu za kifuniko cha juu. Zipange kwa mpangilio uliozitoa. Chora picha kwenye karatasi uonyeshe kila skrubu ilitoka wapi.

4. Tafuta lenzi. Ni ndogo kama punje ya mtama, inang'aa kidogo kwa rangi ya samawati. Ikiwa imefunikwa na vyuma vya mashine ya CD na huioni, acha hapo. Rudisha kifuniko, mwachie fundi.

5. Kama unaiona, pulizia hewa kwa kipira cha kupulizia. Usitumie mdomo, maana mate yatatua juu ya lenzi. Usitumie pampu ya upepo wa matairi, maana ina nguvu mno na huleta maji na mafuta.

6. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kipya. Kiloweshe kidogo kwa spiriti safi inayouzwa na maduka ya vifaa vya elektroniki. Kisidondoke. Gusa lenzi polepole, bila kukandamiza. Lenzi inaning'inia juu ya vijispringi vyembamba sana. Ukiikandamiza, umeiua.

7. Ngoja ikauke dakika kumi. Rudisha kila kitu, kisha unganisha betri.

Vitu vya kutotumia: petroli, mafuta ya taa, dawa ya kuondoa rangi ya kucha, spiriti yenye rangi, na gongo. Petroli na dawa ya kucha huyeyusha plastiki. Mafuta ya taa huacha utando wa mafuta. Spiriti ya rangi huacha rangi yake. Na gongo ina maji na takataka nyingine ndani yake. Haifai kwa lenzi, na haimfai mwenye lenzi.

CD IKIKWAMA

Usichokonoe kwa kisu wala waya. Kwanza zima redio, iwashe tena, ubonyeze EJECT. Ikikataa, ibonyeze na kuishikilia kwa sekunde kumi. Redio nyingi hujaribu tena kwa njia hiyo. Ikikataa bado, zima, tenganisha betri kwa dakika kumi, unganisha tena, ubonyeze EJECT.

Lakini kabla ya kutenganisha betri ya gari, uliza kama redio hiyo ina namba ya siri. Baadhi ya redio hujifunga betri ikitolewa, na hazifunguki mpaka zipewe namba yake. Ni kinga dhidi ya wezi. Mwenye redio ya namna hiyo aiandike namba mahali salama.

Mara nyingi kilichokwama si CD moja. Ni CD mbili zilizoingizwa na watoto, au karatasi iliyobanduka, au shilingi. Tuwafundishe watoto kwamba ule mdomo si kibubu cha kuwekea akiba.

MAMBO YA HATARI

Ndugu wasomaji, sehemu hii someni mara mbili.

Fyuzi. Fyuzi ni mlinzi. Kazi yake ni kufa ili nyumba ipone. Umeme ukizidi, yeye hukatika kabla waya haujawaka moto. Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Kama imeandikwa 10, weka 10. Usiweke 30, na usiweke kamwe kipande cha waya, msumari au karatasi ya sigara. Mtu anayeweka waya mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Betri ya volti 12 haikupigi shoti kali ukiishika. Ndiyo maana tunaidharau. Lakini ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuwasha paa la nyasi. Na fyuzi mpya ikiungua tena mara moja, usiendelee kubadilisha. Kuna waya zinazogusana mahali fulani. Zitafutwe.

Waya. Kwenye redio nyingi za kununua dukani, waya mweusi ni hasi, wa njano ni chanya ya kudumu, na mwekundu ni ule wa ACC. Lakini redio zilizong'olewa kwenye gari zilikotoka kiwandani zina rangi zao tofauti. Usikisie. Tafuta karatasi iliyobandikwa juu ya redio, isome. Ukigeuza hasi na chanya, waweza kuiunguza redio kwa sekunde moja.

Leza. Usiitazame lenzi wakati redio imefunguliwa na imewashwa. Mwanga wake karibu hauonekani, lakini waweza kuumiza jicho. Ubaya wake ni kwamba jicho halitafumba, kwa kuwa halioni kitu.

Betri. Maji ya betri ni asidi. Yakigusa ngozi au macho, osha kwa maji mengi, kisha nenda zahanati. Betri ikiwa inachajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiweke kibatari karibu, wala usilaze watoto chumba hicho.

REDIO ISIYOSHIKA STESHENI

Magari mengi yaliyotumika huletwa Tanzania kutoka Japani. Mtu hununua redio yake, akatafuta stesheni, akapata chache au hapati kabisa. Anasema, "Nimeuziwa mbovu." Pengine si mbovu. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90. Kwetu stesheni za FM ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio hiyo inaona kichwa tu cha ng'ombe, mwili wote hauoni. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuzishusha stesheni mpaka mahali redio inapofika. Muulize fundi habari zake kabla ya kuitupa redio.

KWA FUNDI

Fundi mzuri hupenda mteja anayejua kueleza. Usiseme tu, "Imekufa." Andika kwenye karatasi: "Inawaka. Stesheni zinasikika. CD tatu zimekataliwa. Inaandika ERROR 3. Ilianza wiki mbili zilizopita." Karatasi hiyo inamwokolea fundi saa nzima, nayo inakulinda wewe. Mtu akiona umeandika kwamba spika ni nzima, hatakuuzia spika.

Uliza bei kabla ya kazi. Omba urudishiwe kifaa cha zamani kilichobadilishwa. Na kama lenzi imechoka kabisa, pima: pengine redio nyingine iliyotumika ni rahisi kuliko matengenezo. Nyingi za siku hizi zina tundu la flashi na hazihitaji CD.

TUOKOE SAUTI KABLA HAZIJAPOTEA

CD zilizorekodiwa nyumbani au studio ndogo hazidumu kama zile za kiwandani. Sauti yake imeandikwa kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo hufifia, hasa ikianikwa juani. CD iliyokaa miaka kwenye dashibodi ya gari yaweza kuwa tupu ingawa haina mkwaruzo hata mmoja. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo, kama una CD yenye sauti ya mzee wako au ya kwaya yenu ya zamani, usingoje igome. Ipeleke mjini kwenye kompyuta, inakiliwe kwenye flashi, na nakala nyingine iwekwe kwenye simu ya mtoto. Nakala mbili, mahali pawili. Mbegu hatuziweki katika kibuyu kimoja.

Kisha tuitunze redio. Tuifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa. Tukiiwasha, tuondoe kitambaa ili ipumue. Tuiweke mbali na jiko na mlango. CD tuzirudishe katika mifuko yake.

HESABU KIDOGO

Redio inakula ampea 2. Tunaipiga saa 5 kwa siku. Kwa siku moja inakula 2 mara 5, yaani 10. Betri yetu imeandikwa 50. Ili betri idumu, tusitumie zaidi ya nusu yake, yaani 25. Jua likikosekana siku 3 mfululizo, tutapiga redio siku ngapi kwa saa 5 bila kuvuka nusu? Fanya hesabu kwanza, halafu tazama jibu mwisho wa somo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunaifuta CD kutoka katikati kwenda nje?

2. Redio inawaka, stesheni zinasikika, CD ya jirani inapiga, lakini CD yako haipigi. Mgonjwa ni nani?

3. Katika kijiji chenu, je, kuna nyumba zilizoweka waya mahali pa fyuzi? Mtafanya nini juu ya jambo hilo?

4. Ni sauti gani katika kijiji chenu ambazo zimo kwenye CD tu? Nani atazipeleka zikanakiliwe, na lini?

KAZI YA KUFANYA

Tafuta redio yoyote ya gari, yako au ya jirani. Soma maneno yote yaliyo juu yake. Yaandike kwenye daftari. Tafuta namba ya fyuzi yake, nayo uiandike. Mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwako ambaye hajui bado.

Jibu la hesabu: Siku 2. Siku ya kwanza 10, ya pili 20. Ya tatu ingefika 30, nayo imezidi 25.